Marekani: Kozi ya Kiingereza ya darasa la tisa, mambo ambayo familia za Wakongomani zinapaswa kujua

Mtoto wa Kikongomani anayefika Marekani akiwa na miaka 14 au 15 huingizwa kwa kawaida katika darasa la tisa, mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu. Kwenye ratiba yake atakuta kozi inayoitwa English I au English 9. Familia nyingi hudhani kwamba huko ndiko mtoto atafundishwa kusema Kiingereza. Sivyo. Ni kozi ya kusoma vitabu, kuvichambua na kutetea maoni kwa maandishi, na mtoto aliyezaliwa Texas anaisoma sawa na yule aliyefika mwezi uliopita kutoka kambi ya Nyarugusu. Asipoipita, diploma yake inachelewa.

Jambo hili linagusa nyumba nyingi za mashariki mwa Congo. Kati ya wakimbizi 60,000 hivi waliopokelewa Marekani katika mwaka wa bajeti 2023, zaidi ya 18,000 walitoka DRC, idadi kubwa kuliko ya nchi nyingine yoyote. Mwaka uliofuata Wakongomani walikuwa tena wa kwanza. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wa kuwapokea wakimbizi, lakini maelfu ya watoto wa Kivu, Ituri na Tanganyika wako tayari katika shule za Kentucky, Texas, Arizona, Ohio, Maine na kwingineko. Ndugu waliobaki Goma, Bukavu au Uvira ndio mara nyingi hupigiwa simu pale mtoto anapoanza kusema shule imemshinda.

Ni kama kozi ya Kifaransa katika umanite

Sekondari ya juu ya Marekani ina miaka minne, kuanzia darasa la tisa hadi la kumi na mbili. Ukiweka kando majina, darasa la tisa linalingana na mwaka wa kwanza wa umanite nchini Congo, yaani baada ya miaka sita ya shule ya msingi na miaka miwili ya darasa la saba na la nane. Tofauti ni kwamba huko hakuna opsyo. Mtoto hachagui pedagojia, biokemia au biashara na kuachana na kozi nyingine. Wote wanasoma Kiingereza, na majimbo mengi yanadai kisomwe miaka yote minne.

Kila kozi ina thamani inayoitwa kredi. Mwaka mzima wa English I ni kredi moja, na kwa kawaida kila muhula hubeba nusu yake. Mwanafunzi hukusanya kredi hizo hadi afikie idadi inayotakiwa na jimbo lake ndipo apewe diploma. Maana yake ni kwamba mtoto anaweza kuendelea hadi darasa la kumi kwa umri na kwa kozi nyingine, huku deni la English I likimfuata nyuma. Atalilipa wakati wa likizo, au kwa kurudia kozi pamoja na wanafunzi wadogo kuliko yeye.

Mkongomani ambaye amepita sekondari anaweza kuielewa kozi hii kwa kuifananisha na kozi ya Kifaransa katika umanite. Mwalimu wa Kifaransa kule Bukavu hafundishi watoto kusema bonjour. Anawapa maandishi, anauliza mwandishi alitaka nini, anadai disertasyo. Mwalimu wa English I anafanya kazi hiyohiyo, kwa lugha ambayo mtoto mgeni bado hajaishika.

Vitabu gani vinasomwa

Marekani haina programu moja ya taifa kama ile inayotoka Kinshasa. Jimbo huweka malengo, wilaya ya shule na mwalimu huchagua vitabu. Majimbo mengi yalipokea malengo ya pamoja yaliyotolewa mwaka 2010 kwa jina la Common Core, mengine yakabaki na yake. Hata hivyo kuna majina yanayorudi kila mahali katika darasa la tisa.

La kwanza ni Romeo and Juliet, tamthilia ambayo Shakespeare aliiandika katika miaka ya 1590. Hata watoto wa Kimarekani wanalalamika juu ya Kiingereza chake, kwa hiyo mtoto wa Kikongomani asidhani ni yeye peke yake haelewi. Kingine ni Odyssey ya Homer, habari ya mtu anayetumia miaka kumi akitafuta njia ya kurudi nyumbani baada ya vita. Kuna To Kill a Mockingbird ya Harper Lee, iliyotoka 1960, inayomweleza mwanasheria wa Alabama anayemtetea mtu mweusi aliyesingiziwa kosa. Kuna Of Mice and Men ya John Steinbeck ya mwaka 1937, juu ya vibarua wawili wanaohamahama California wakitafuta kazi. Na kuna Animal Farm ya George Orwell ya mwaka 1945, ambamo wanyama wanamfukuza mwenye shamba, kisha nguruwe wanakuwa mabwana wapya.

Hicho cha mwisho kipo kwa Kiswahili. Fortunatus Kawegere alikitafsiri kwa jina la Shamba la Wanyama. Mtoto anayekisoma kwanza kwa lugha ya nyumbani anaingia darasani akijua nani ni nani na kwa nini wanagombana, akabaki kupambana na maneno tu. Hilo si udanganyifu. Walimu wengi wanaozoea wanafunzi wageni hulipendekeza. Hata Shakespeare si mgeni kabisa katika Kiswahili, kwa kuwa Julius Nyerere alitafsiri tamthilia zake mbili, Julius Caesar na The Merchant of Venice, ingawa Romeo and Juliet haimo.

Mbali na vitabu kuna mashairi, hadithi fupi, hotuba na makala za magazeti. Baadhi ya maandishi yanazungumzia vita na mauaji. Night ya Elie Wiesel, kwa mfano, inaeleza maisha ya kijana katika kambi za Wanazi. Mtoto aliyekimbia risasi Masisi au Fizi anaweza kuguswa na kurasa hizo kuliko wenzake. Mzazi ana nafasi ya kumweleza mwalimu mapema na kuomba mtoto apewe maandishi mengine, au aruhusiwe kutoka pale inapokuwa nzito.

Swali si «nini kilitokea»

Hapa ndipo watoto wengi waliosoma Congo, au katika shule za Wakongomani huko Nyarugusu ambako programu ya Congo ilifuatwa, wanapopata mshangao wa kwanza. Wamezoea mwalimu anayeandika ubaoni, wanafunzi wanakopi katika daftari, na siku ya ekzame anayerudisha maneno ya daftari kama yalivyo anapata pointi nyingi. Kukariri vizuri ni heshima na ni kazi.

Katika English I, kurudisha maneno ya mwalimu hakuleti pointi nyingi. Swali la kawaida linataka mwanafunzi aseme anavyofikiri yeye, kisha aonyeshe ni sentensi gani ya kitabu inayomfanya afikiri hivyo. Je, ni nani mwenye kosa kubwa zaidi katika kifo cha Romeo na Juliet? Mmoja atasema wazazi, mwingine padri, mwingine vijana wenyewe. Wote wanaweza kupata pointi sawa, mradi kila mmoja alete ushahidi kutoka kitabuni na kueleza unathibitisha nini.

Insha hujengwa juu ya mambo matatu: dai, ushahidi, maelezo. Dai ni sentensi moja inayosema msimamo wa mwandishi, na hukaa mara nyingi mwishoni mwa aya ya kwanza. Ushahidi ni maneno yaliyotolewa kitabuni, yakiwekwa katika alama za kunukuu pamoja na ukurasa. Maelezo ndiyo sehemu ndefu, ambapo mwanafunzi anaunganisha ushahidi na dai. Walimu huomba aina tatu za maandishi mwakani: insha ya kutetea hoja, insha ya kueleza jambo, na hadithi.

Insha haiandikwi mara moja. Kuna nakala ya kwanza, mwalimu anatia alama, mwanafunzi anasahihisha, kisha inarudishwa. Karatasi iliyojaa wino mwekundu haimaanishi mtoto amefukuzwa, ni hatua ya kawaida ya kazi.

Kukopi kunaweza kumletea mtoto sifuri

Kosa moja linahitaji onyo la pekee. Kuchukua maneno ya kitabu, ya intaneti au ya rafiki na kuyaandika kama yako, hata bila nia mbaya, huko huhesabiwa kuwa wizi. Adhabu ya kawaida ni sifuri kwa kazi hiyo, wakati mwingine na barua kwa mzazi. Mtoto aliyefundishwa miaka mingi kwamba kukopi vizuri ndiyo kusoma anaweza kuangukia hapo wiki ya kwanza, akalia bila kuelewa amekosa nini.

Dawa yake ni kutaja chanzo. Katika kozi ya Kiingereza hutumiwa utaratibu uitwao MLA: jina la mwandishi na ukurasa ndani ya insha, na orodha ya vitabu mwishoni. Programu za akili mnemba zimeongeza hatari hiyo. Shule nyingi zina kanuni zao juu ya matumizi yake, na mara nyingi kanuni ya mwalimu imeandikwa kwenye karatasi ya mwanzo wa mwaka inayoeleza kozi nzima. Karatasi hiyo mzazi huombwa kuitia saini. Kabla ya kusaini, aisome au asomewe.

Asilimia 50 si kupita

Nchini Congo mwanafunzi mwenye asilimia 50 amepita, na mwenye 58 anarudi nyumbani akitembea vizuri. Marekani 58 ni F, yaani ameshindwa. Kipimo kinachotumiwa zaidi kinaanza na A kwa 90 na kuendelea, B kwa 80 hadi 89, C kwa 70 hadi 79, D kwa 60 hadi 69, na chini ya hapo ni F. Texas iko kali zaidi: anayeshuka chini ya 70 hapati kredi.

Mzazi anayepokea buletini yenye asilimia 62 na kumpongeza mtoto kwa kipimo cha Goma hajui kwamba mtoto yuko ukingoni.

Jambo la pili ni mahali pointi zinapotoka. Congo ekzame ina uzito mkubwa. Katika English I pointi hukusanywa kila wiki: kazi za nyumbani, majaribio madogo, insha, kazi za kikundi, kushiriki darasani. Mtoto anayengoja mwisho wa muhula ili ajitume atakuta nusu ya pointi imeshapotea. Kazi ambayo haikurudishwa huingia kama sifuri, na sifuri moja inashusha wastani kuliko kazi mbovu iliyorudishwa. Kazi nyingi hutumwa kwa kompyuta ndogo ambayo shule humpa mwanafunzi, na mzazi anaweza kufungua akaunti ya kufuatilia pointi kila siku kwenye simu yake.

Majimbo mengine yanaongeza mtihani wa jimbo. Texas, kwa mfano, ina mitihani mitano ambayo mwanafunzi hupita ili apate diploma, na wa English I ni mmoja wao. Ndani yake kuna insha ya kuandika.

Mtoto asiyejua Kiingereza ana haki gani

Siku ya kuandikisha mtoto, shule humpa mzazi fomu inayouliza ni lugha gani inasemwa nyumbani. Wengine, kwa kuogopa mtoto atawekwa pembeni, huandika Kiingereza. Ni kosa linaloweza kugharimu miaka. Fomu hiyo ndiyo inayofungua mlango wa msaada. Mzazi aandike Kiswahili, Kifaransa, Kibembe, Mashi, Kinyarwanda, lugha yoyote inayosemwa kweli.

Baada ya fomu, mtoto hupimwa katika kusikiliza, kusema, kusoma na kuandika. Majimbo zaidi ya 30 hutumia vipimo vya WIDA, vyenye ngazi kuanzia 1 hadi 6. Texas, California na New York yana vipimo vyao. Mtoto aliyeonekana anahitaji msaada huwekwa katika mafunzo ya Kiingereza kwa wageni, yanayojulikana mara nyingi kama ESL, na hupimwa tena kila mwaka. Sheria inataka mzazi ajulishwe ndani ya siku 30 tangu mwaka wa masomo uanze.

Haki hiyo si hisani ya shule. Mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols iliyoletwa na familia za wanafunzi wa asili ya China wa San Francisco, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kumpa mtoto asiyeelewa Kiingereza kitabu na mwalimu sawa na wengine, bila msaada zaidi, ni kumnyima elimu. Kwa hiyo mtoto anaweza kukaa katika English I na wakati huohuo akasaidiwa: muda zaidi katika mtihani, kamusi ya lugha mbili, mwalimu wa pili darasani, maandishi yaliyorahisishwa. Katika miji mingine kuna shule maalum za wageni. Louisville, Kentucky, ina moja inayoitwa Newcomer Academy.

Swali ambalo mzazi asisahau kuliuliza ni hili: saa za ESL zinahesabiwa kama kredi ya Kiingereza, au ni kredi ya nyongeza tu? Jibu linatofautiana kutoka jimbo hadi jimbo, na mara nyingine kutoka wilaya hadi wilaya. Anayejua jibu ni kaunsela, mfanyakazi wa shule anayesimamia ratiba na kredi za kila mwanafunzi. Kazi yake haifanani na ya prefe. Hachukui minervali wala hatoi adhabu, na mlango wake unabishwa bila kusubiri kuitwa.

Sheria ya elimu ya mwaka 2015 inataka pia shule iwasiliane na mzazi, kwa kadiri inavyowezekana, kwa lugha anayoielewa. Mzazi aombe mkalimani wa Kiswahili. Mtoto kumtafsiria mama yake mkutano unaozungumzia pointi zake mbovu si jambo la busara.

Muda ni mfupi

Mtafiti wa Canada Jim Cummins alionyesha tangu mwisho wa miaka ya 1970 kwamba kuna lugha mbili ndani ya lugha moja. Ile ya kucheza, kununua na kusalimiana mtoto huipata kwa miaka miwili hivi. Ile ya vitabu na insha huchukua miaka 5 hadi 7. Ndiyo sababu mzazi husikia mtoto wake akicheka kwa Kiingereza na majirani, kisha akashangaa anapata F katika kozi ya Kiingereza. Mtoto hakuwa mvivu. Ameipata lugha ya kwanza, ya pili bado.

Hesabu hiyo ni ngumu kwa anayeingia darasa la tisa, kwa sababu sekondari ni miaka minne. Ni ngumu zaidi kwa kijana wa miaka 17 aliyewekwa darasa la tisa kwa kukosa karatasi za shule. Elimu ya bure ya serikali ina kikomo cha umri, ambacho katika majimbo mengi kiko karibu na miaka 20 au 21. Buletini za Congo zilizohifadhiwa, hata zenye michirizi ya maji, zinaweza kumpatia kredi za hisabati, sayansi au Kifaransa na kumpunguzia njia. Ndugu aliyebaki Congo anaweza kusaidia hapo kwa kwenda kwenye shule ya zamani na kuomba nakala.

Wakongomani hawaendi mikono mitupu

Mtoto aliyesoma Kifaransa ana akiba kubwa kuliko anavyojua. Maneno mengi ya insha za Kiingereza yanatokana na Kifaransa na Kilatini: argument, conclusion, introduction, analyse na mengine mengi yanafanana au yako karibu kufanana. Maneno magumu ya darasani yatamwendea rahisi kuliko yale mafupi ya mtaani. Ajihadhari tu na yanayodanganya: library ni mahali pa kuazima vitabu, si duka la vitabu, na actually haimaanishi «kwa sasa».

Kiswahili nacho kitamletea makosa yake. Kwa kuwa «yeye» ni mwanamume au mwanamke, watoto wengi huandika he mahali pa she. Kiswahili hakina a wala the, basi maneno hayo husahauliwa. Mwalimu anayejua chanzo cha kosa hilo hulisahihisha haraka.

Kuna pia adabu. Mtoto aliyelelewa vizuri Kivu anainamisha macho mkubwa anapomsemesha, na hasemi kabla ya kuulizwa. Mwalimu wa Kimarekani anaweza kusoma hayo kama kutojali, na katika English I ukimya unakula pointi za kushiriki. Wazazi wanaweza kumweleza mtoto kwamba kumtazama mwalimu na kuinua mkono kusema «sijaelewa» ndiyo heshima ya huko, bila kuacha ile ya nyumbani.

Maktaba za umma huazimisha vitabu bure, na nyingi zina saa za kusaidia kazi za nyumbani. Mzazi asiyejua Kiingereza bado anaweza kumwomba mtoto, kila jioni, amweleze kwa Kiswahili kitabu kimefika wapi, mhusika fulani alikosea nini, na kwa nini yeye anafikiri hivyo. Ni maswali yaleyale ambayo mwalimu atauliza kesho yake.

Muhula wa kwanza huisha kati ya Desemba na Januari. Ndipo nusu kredi ya kwanza inapoandikwa, au inapokosekana. Familia inayomwona kaunsela wiki hiyo bado ina muhula mzima wa kurekebisha. Inayongoja buletini ya mwisho wa mwaka hukuta mlango uliobaki ni shule ya likizo.